Mti Wenye Tepe Saba

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa viatu. Dhoruba ilipita alfajiri, na asubuhi ile mtaa wetu mzima ulikuwa tope mpaka vifundoni, hata kuku walikuwa wamebadilika rangi. Lakini yule bwana aliyekuja wa kwanza kutoka serikalini alikuwa na viatu vyeusi vinavyong'aa. Niliviona mimi kabla ya wengine kwa sababu nikikutana na mgeni huwa natazama chini.

Baadaye nikaelewa. Dereva wake alikuwa na mbao mbili. Bwana akisimama juu ya ubao mmoja, dereva anang'oa wa nyuma anauweka mbele, bwana anapiga hatua moja. Kutoka kwenye gari mpaka nyumbani kwa bibi yangu ni hatua thelathini. Walitumia karibu saa nzima. Nikasema moyoni, huyu mtu anajua kazi.

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwa woga, ni kwa sababu Idara ya Majina bado haijanipa kibali.

Bibi yangu anaitwa Zawena. Nyumba yake ina mlango mmoja tu wa kutokea mtaani, na dirisha moja la mbele lenye nondo alizozitia mjomba kuzuia wezi. Nyuma kuna ua mdogo wenye choo na ukuta mrefu uliopandwa vipande vya chupa, pia kwa ajili ya wezi. Hakuna mwizi aliyewahi kuja. Mbele ya mlango palikuwa na msufi mkubwa, na ule upepo wa alfajiri ukauangusha. Shina lilijilaza mlangoni, na tawi moja nene likaegemea pembe ya paa. Bibi alikuwa ndani. Mimi nilikuwa nimelala kwa jirani, nikimsaidia kukanda unga wa maandazi.

Fundi Songoro, seremala wa mtaa wetu, alikuwa ameshaanza kukata kwa msumeno wakati yule bwana alipowasili juu ya ubao wake. Bwana alijitambulisha: Mkwizu, Idara ya Miti. Akasogea dirishani.

"Kuna mtu ndani?"

Kimya.

"Nauliza, kuna mtu humo ndani?"

"Yumo anayesubiri kuamkiwa," Bibi alisema.

Bwana Mkwizu akasafisha koo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na shoka?"

"Nimekuja na utepe."

Na kweli alikuja nao, wa kijani, mpya kabisa. Akaufunga kwenye shina, akarudi nyuma hadi mwisho wa ubao, akautazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyemnunua. Kisha akatangaza kwamba kuanzia saa ile mti ulikuwa chini ya uangalizi wa Idara ya Miti, na atakayeugusa bila kibali atashtakiwa. Fundi Songoro akasema yeye hakuugusa, msumeno ndio uliougusa. Basi wakaukamata msumeno. Uliwekwa kiti cha mbele, ukafungwa mkanda, ukapelekwa kituoni.

Nilipobaki peke yangu nilipima kwa vidole nafasi iliyokuwepo kati ya boriti ya paa na nondo ya juu ya dirisha. Vidole vinane.

"Bibi, boriti inashuka," nikamwambia taratibu.

"Najua, mke mwenza. Inaniambia yenyewe. Kila ikishuka inasema kwaa."

*

Siku ya pili zikaja idara nyingine. Idara ya Njia za Miguu ilifunga utepe wa manjano, kwa kuwa matawi yalilala njiani. Idara ya Ndege ilikuta kiota, ikafunga wa buluu. Idara ya Milango ikafunga mweupe. Idara ya Upepo na Idara ya Mvua ziligombana kidogo nani aliyeuangusha mti, kisha kila moja ikafunga wake. Wa saba alikuwa Bi Ngonde wa Idara ya Mapaa, mama mnene mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mwingine wa kukataa.

"Paa limeanguka?" aliuliza.

"Bado, lakini linakuja," Bibi akajibu.

"Basi hapo pana tatizo. Sisi hapa tunashughulikia mambo yaliyokwisha kutokea. Mti umekwisha kuanguka, huo ni wetu. Paa lako halijaanguka, hilo liko katika mambo ambayo hayajatokea. Ni wizara nyingine, na ofisi zao ziko ng'ambo ya mji."

"Kwa hiyo nisubiri liniangukie?"

"Likianguka, bibi, shughuli itakuwa nyepesi sana. Fomu moja tu."

"Na fomu ataijaza nani?"

Bi Ngonde alibadilisha miwani, akafikiri. "Mjukuu," akasema, akanielekezea kalamu.

Hata hivyo alifunga utepe wake mwekundu, kwa tahadhari.

Msufi ukawa mzuri kuutazama. Watoto wa shule waliletwa kuuona. Na kila upepo ukivuma, sufi ilikuwa inatoka kwenye vitumba vyake na kuwaganda maofisa kwenye makoti, wakawa wanafanana na kuku walionyonyolewa nusu. Bibi alikuwa akinyoosha mkono kati ya nondo, anaokota sufi anajazia mto wake.

"Washonee na hawa," jirani mmoja alimtania, "viti vyao ni vigumu."

"Thubutu! Nikiwashonea mito watakaa mpaka mwakani."

*

Labda mtu atauliza kwa nini idara moja isiukate tu mti. Nami niliuliza, lakini moyoni. Jibu lilikuwa kwenye Sheria ya Kuratibu Taasisi Baada ya Maafa. Sheria hiyo inasema kitu chenye utepe mmoja kishughulikiwe na mwenye utepe. Kitu chenye tepe mbili au zaidi kisiguswe mpaka ateuliwe Mratibu, yaani mtu mmoja wa kuziamuru idara zote. Kifungu cha tisa kinasema Mratibu atateuliwa na kikao cha idara zote. Kifungu cha kumi kinasema kikao hicho hakitakaa mpaka kiitishwe na Mratibu.

Kwa hiyo siku ya tatu, lilipojengwa turubai chini ya dirisha la Bibi, na viti, na meza yenye kitambaa, tuliambiwa tusidhani kwamba kile ni kikao. Yalikuwa maandalizi ya kikao. Walijiandaa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, siku tano.

Mimi nilipewa kazi ya chai. Bwana Mkwizu alisema ni haki yangu kama ndugu wa karibu wa mwathirika. Sukari na majani walileta wao, tangawizi aliitoa Bibi dirishani. Nilikuwa nachemsha kwa jirani, najaza chupa mbili kubwa, naziweka mezani. Kazi yenyewe ilinifaa, maana haina maneno mengi. Chupa zikiisha nasema, "Chai imekwisha," basi. Na chai ikiisha maandalizi nayo yanaisha, kila mtu anatafuta ubao wake.

Lakini siku ile ya kwanza ya chai palitokea msukosuko. Bwana Mkwizu alikunywa vikombe vinne na yule wa Idara ya Ndege hakupata hata kimoja. Yule wa Ndege alisusa. Alikwenda kusimama juani akiwa amewapa mgongo. Wajumbe walijadili jambo hilo mpaka jioni, na kwa mara ya kwanza wakakubaliana: kila mtu atie sahihi kwenye daftari kabla ya kupewa kikombe.

"Una daftari, binti?" Bi Ngonde aliniuliza.

Nilikuwa nalo. Lilikuwa daftari langu la darasa la tano. Lilikuwa na kurasa nyingi tupu, kwa sababu niliacha shule katikati ya mwaka.

Siku ya nne, vidole sita. Siku ya tano, vidole vitano. Bwana wa Idara ya Mvua aliniona nikipima, akaja na yeye kupima kwa vidole vyake, vinene, akapata vitatu na nusu. Wakajadili vidole vya nani vitambuliwe.

*

Nakala ya ile Sheria ilikuwa mezani. Waliiweka chini ya chupa za chai ili kitambaa kisichafuke. Kila jioni niliifuta, na mtu akiwa anafuta kitu hawezi kufumba macho. Karatasi zilikuwa zimelowa na kugandamana, isipokuwa ukurasa mmoja uliokuwa juu.

Siku ya sita nilifungua ukurasa mpya wa daftari la chai. Mwalimu wetu alikuwa mkali sana kuhusu ukurasa mpya. Lazima uanze na kichwa cha habari, la sivyo unasimama kwa mguu mmoja. Basi nikaandika kichwa cha habari. Kilikuwa kirefu kidogo, kama mistari mitatu. Wajumbe wote saba wakatia sahihi chini yake, wengine bila kuacha kuongea, maana siku ile kulikuwa na maandazi ya moto na mkono wa kushoto wa kila mtu ulikuwa una kazi.

Siku ya saba akaja Waziri wa Mambo Yaliyokwisha Kutokea mwenyewe. Yeye hakutumia mbao mbili. Alitumia nane, na madereva wanne, na ubao wa mbele ulikuwa umepakwa rangi.

"Ndugu wananchi," alisema, "Serikali yenu haijalala!"

"Hata mimi sijalala," Bibi akasema dirishani. "Boriti inalia."

Makofi yalipigwa, kwa kuwa walidhani ni mpango wa shughuli.

"Kipekee," Waziri akaendelea, "napenda kumpongeza bibi yetu kwa namna alivyoathirika kwa utulivu. Wako watu katika nchi hii wanaathirika ovyo. Wanapiga kelele, wanapanda juu ya mapaa, wanapepea mashuka. Bibi huyu ameathirika kwa kufuata taratibu. Nami sikuja mikono mitupu."

Akapunga mkono. Watu wanne wakaleta kitu kirefu kilichofungwa kwa karatasi ya zawadi na utepe, wakakiegemeza kwenye msufi. Kilikuwa mlango mpya.

"Ahsante, baba," Bibi alisema. "Sasa nina milango miwili nisiyoweza kutokea."

Waziri alicheka sana, akapigwa picha pamoja na mlango. Halafu akauliza Mratibu ni nani ili amshike mkono. Wajumbe saba wakatazamana. Kila mmoja akarudi nyuma kidogo ubaoni, mpaka yule wa Upepo akatumbukia.

"Kesho nitawaletea mwanasheria," Waziri akasema. Hakuwa akicheka tena.

Walipoondoka nilipima. Vidole vitatu. Nilimpa Bibi uji kati ya nondo, akanishika mkono, akaushikilia muda mrefu kuliko kikombe kinavyohitaji. Hakunitania. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu bibi yangu hunitania hata akiwa na homa.

*

Mwanasheria alifika siku ya nane, na nilimjua kwa miguu. Alikuja peku, ameshika viatu mkononi, suruali ameikunja, anakanyaga tope kama sisi. Aliitwa Wakili Mdoe. Alikuwa kijana, na alikuwa na majuma matatu tu kazini, kwa hiyo hakuna mtu aliyekuwa amemfundisha.

Aliamkia dirishani kwanza. Kisha akaketi, akaomba chai. Nikamsogezea daftari.

Akalisoma.

Sijawahi kumwona mtu wa serikali akisoma kabla ya kutia sahihi. Alisoma kutoka juu, akarudia, akageuza ukurasa akakuta jedwali langu la kuzidisha, akarudi. Halafu akasimama, akasoma kwa sauti:

"'Sisi wa idara saba tuliotia sahihi hapa chini tumekubaliana kwamba mti ulioanguka kwenye mlango wa Bibi Zawena uko chini ya amri ya mtu mmoja, naye ni yule anayeshika daftari hili.'"

Hakuna aliyetafuna.

"Hilo ni daftari la chai!" Bwana Mkwizu akapaza sauti.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu, lakini niliitia kwa ajili ya chai."

"Sheria haiulizi uliitia kwa ajili ya nini." Wakili aliinua chupa moja, akaivuta ile Sheria iliyolowa. "Kifungu cha kumi na nne. Endapo Mratibu hajateuliwa, mtu yeyote anayeshika karatasi moja iliyotiwa sahihi na idara zote atahesabika kuwa Mratibu, na amri yake itafuatwa mara tu atakapoitamka mbele ya watu."

"Kifungu hicho kilikuwa cha kupendezesha tu," akasema Bi Ngonde. "Waliokiandika walijua haiwezekani. Tangu nchi hii ipate uhuru idara zote hazijawahi kutia sahihi karatasi moja!"

"Zimetia siku ya Alhamisi," Wakili alisema.

Wote wakanigeukia. Nikatazama chini. Viatu jozi sita na nusu, maana yule wa Upepo alikuwa na kimoja tu tangu jana.

"Nani aliyekuandikia maneno haya?" Bwana Mkwizu akaniuliza.

Sikujibu.

"Mwacheni mtoto wa watu," Bi Ngonde akasema. "Huyu hajamaliza hata shule ya msingi. Ameona maneno mahali akayanakili, hajui hata yanasema nini."

Sikujibu hilo pia.

Wakili Mdoe akanisogelea, akanirudishia daftari, akasimama mbele yangu kwa heshima, miguu yake imejaa tope. "Ndugu Mratibu," akasema, "toa amri yako. Lakini lazima uitamke, na wote wasikie."

Jamani. Watu walikuwa kama sitini. Majirani nyuma ya kamba, Fundi Songoro ameazima shoka, idara saba, madereva, mbao. Nilifungua mdomo, hewa ikatoka peke yake.

"Sema, mke mwenza!" Bibi aliita dirishani. "Nyumbani unanishinda kwa maneno, leo umemeza ulimi?"

Ndipo boriti ikasema kwaa. Safari hii kila mtu aliisikia. Vumbi likamwagika dirishani, na Bibi akakohoa, na sikuona tena uso wake.

Nikakumbatia chupa zote mbili na daftari kifuani. Nikasema:

"Chai imekwisha."

Wakili akaandika. Na kabla hajaweka nukta, idara zote saba zilikuwa zimesimama. Sijawahi kuona amri ikitekelezwa vile. Kila mmoja alitaka kuwahi gari, madereva hawakuwa tayari, mbao zikaachwa, viatu vikazama. Bwana Mkwizu alipita kwenye tope mpaka magotini akiwa ameshikilia andazi juu. Baada ya dakika tano hapakuwa na koti hata moja mtaani.

"Na hizi tepe?" Fundi Songoro akauliza.

Wakili akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali, mara moja, kidogo. Yeye akageuka, akaanza kulichunguza birika kwa makini sana, akawa analichunguza hadi kazi ikaisha.

Kwanza waliingiza zile mbao za Bwana Mkwizu chini ya boriti, wakaitegemeza. Nafasi iliyobaki ilikuwa vidole viwili. Kisha shoka, panga, kamba, na mikono. Tepe zilikatika pamoja na matawi, na kiota kikahamishiwa kwenye turubai, ndege hawakulalamika. Maharage niliyoyaacha jikoni kwa jirani hayakuwa yameiva wakati mlango ulipofunguka.

Bibi alitoka na mto wake wa sufi kwapani, mweupe wa vumbi kutoka kichwani hadi miguuni. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha Bi Ngonde, akaketi, akaunyoosha mguu mmoja, akaunyoosha wa pili.

"Nipe chai," akasema.

Nikammiminia. Alitazama kikombe, akanitazama mimi, akanywa.

*

Usiku huohuo redio ilitangaza kwamba Waziri ameratibu. Sheria imerekebishwa, na sasa kila maafa ni lazima yawe na daftari la chai, na daftari hilo lisiwe na kichwa cha habari. Imeundwa pia Idara ya Chai, nayo ina utepe wake, wa kahawia. Mlango wa zawadi tumeufanya meza ya kukatia maandazi. Msumeno bado uko kituoni kama kidhibiti. Fundi Songoro huenda kuutazama siku za Ijumaa. Nami nililetewa barua ya kukaribishwa kuomba kazi ya Mratibu wa kudumu, nikiwa na shahada mbili na uzoefu wa miaka kumi na mitano. Barua hiyo tuliwashia jiko.

Bi Ngonde hupita mara mojamoja kununua maandazi. Akiwa na mgeni humwambia, "Huyu ndiye yule binti aliyenakili maneno asiyoyajua, halafu siku ya kutoa amri ulimi ukateleza, akasema habari ya chai. Mungu ana njia zake." Mimi namfungia maandazi, natazama chini.

Sijawahi kumjibu, wala yeyote mwingine. Basi naandika hapa. Kifungu cha kumi na nne nilikisoma mara nne. Kichwa cha habari nilikijaribu kwanza kwenye karatasi ya unga, nikakifuta, nikakiandika upya, na maandazi ya moto siku ile niliyapanga mimi. Ulimi haukuteleza. Ningesema "kateni", wangekaa kujadili nani akate.

Na chai haikuwa imekwisha. Chupa zote mbili zilikuwa zimejaa.